Matundu Kwenye Mabati

Kabla hawajaweka yale mabati, mtaa wetu ulikuwa wa kawaida tu, lakini haukukosa vitu vya kutazama. Upande wetu kuna maduka madogo yaliyobanana: langu la ushonaji, la kinyozi, la muuza mboga, na la fundi redio ambaye hufungua anapojisikia. Upande wa pili zilikuwa nyumba za zamani zenye vibaraza. Paka walilala madirishani, nguo zilicheza kwenye kamba, na kuna mama mmoja aliupaka mlango wake rangi ya ndizi mbivu, hatukuwahi kujua kwa nini. Kisha zile nyumba zikabomolewa kwa wiki mbili, na mahali pake ukasimamishwa uzio wa mabati ya kijivu, mrefu kuliko mtu aliyenyoosha mkono, kutoka kituo cha basi mpaka kwenye kona. Geti la malori waliliweka barabara ya nyuma. Kwetu sisi yalibaki mabati matupu, hatua mia mbili na arobaini. Nilizihesabu.

Hakuna aliyelalamika. Bati halimtukani mtu, utaliambia nini? Lakini mwezi haukuisha kabla sijaona watu wamebadilika mwendo. Walikuwa wanapita macho chini, haraka haraka, kama mvua inataka kunyesha. Wateja wangu, ambao zamani wakija kuchukua gauni walisimama mlangoni nusu saa nzima wakinisimulia harusi ya dada zao, sasa walipokea mfuko na kuondoka. Kinyozi, mtu ambaye maneno yake yaliwahi kumlaza mteja kwenye kiti, alianza kunyoa kimya. Na mimi nilipoinua macho kutoka kwenye sindano ili kuyapumzisha, yaligonga bati nikayarudisha kulekule.

Jioni moja mume wangu aliporudi kutoka hospitalini, yeye ni muuguzi, alizitazama nguo zilizoning'inia dukani akauliza, "Kuna msiba?"

"Msiba wa nani?"

"Nakuuliza wewe."

Nikageuka kuangalia. Nilikuwa nimeshona sketi saba za kuuza, zote za kijivu. Hakuna aliyeziagiza.

Baba mkwe wangu alihamia kwetu mwezi wa tatu wa mabati. Goti lake lilikuwa limegoma kupanda ngazi za kule alikokuwa anaishi peke yake, na sisi tuna chumba kizuri nyuma ya duka. Nilimjua kama mtu wa sauti kubwa. Aliendesha katapila miaka thelathini na moja, na mtu aliyezoea kuzungumza juu ya injini ile hawezi kunong'ona hata akiwa msikitini au kanisani. Akicheka, vikombe viliitikia kabatini. Nilijiandaa kwa kelele. Nilimwekea kiti dirishani, karibu na cherehani, nikajua nimepata redio ya bure.

Redio ikazima. Wiki ya kwanza alizungumza kidogo, ya pili kidogo zaidi, ya tatu nikawa nasikia "ndiyo" na "asante, mwanangu" tu. Chai ilipoa mbele yake. Alianza kulala asubuhi, tena kiti hichohicho, kidevu kifuani. Mume wangu alimpima presha, akampeleka kwa daktari, wakapima damu, wakapima kila kinachopimika. Mzee mzima kama chuma. Daktari akasema atembee kidogo kila siku, anyooshe goti na abadilishe mawazo.

Akatembea. Alitoka, na kabla sijamaliza kushona mkono mmoja wa shati alikuwa amerudi.

"Mbona haraka hivyo, Baba?"

"Nimetembea."

"Umeona nini huko?"

Akafikiri, maana ni mtu mkweli. "Bati," akasema, akakaa.

Iliniuma. Usiku nilimwambia mume wangu kwamba baba yake ananyauka mbele ya macho yangu, akanijibu kwamba huzuni ya kuhama huchukua muda. Inawezekana. Lakini mimi nilikuwa nakaa dirisha lilelile na sikuwa nimehama popote.

Basi ikawa asubuhi moja, katikati ya wiki, ardhi ikatetemeka kidogo. Sindano yangu ikaruka mshono. Mashine iliyokuwa ikichimba kwa mbali, upande wa barabara ya nyuma, sasa ilikoroma nyuma ya mabati yetu. Baba mkwe alikuwa amesinzia. Akafungua jicho moja.

"Mzigo mzito," akasema. "Injini ya silinda sita." Akasikiliza. "Kichujio cha hewa kichafu." Akafungua la pili. "Na huyu anayeendesha ana mkono mwepesi, lakini ana haraka."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Kabla sijajibu alikuwa ameshashika fimbo yake na kuvuka barabara. Nilimwona akipita kwenye uzio akipapasa kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo, mpaka akapata tundu la msumari. Akaweka jicho. Hakutoka pale mpaka saa sita, mgongo umepinda, goti moja limekunjwa, watu wanampita wakishangaa.

Aliporudi shingo ilikuwa imekaa upande, lakini macho yalikuwa ya mtu mwingine. Akala. Akaongeza. Kisha akafuta mikono taratibu, akaangalia meza yangu ya kukatia, akasema kwa ile sauti ya heshima inayomtangulia mtu anayetaka kitu kikubwa:

"Mwanangu, naomba mkasi wako."

Sasa, fundi yeyote wa nguo atanielewa. Mkasi wangu wa kitambaa haukati karatasi. Haukati uzi wa nailoni. Mume wangu aliwahi kuutumia kufungulia mfuko wa sukari, na habari hiyo bado hatujaimaliza.

"Wa kukatia nini, Baba?"

"Kitu kidogo tu."

"Baba, unataka kukata bati kwa mkasi wangu?"

Alitazama dari. Na mimi nitamkatalia vipi baba mkwe usoni? Nikamwambia, "Kaa, nakuja." Nikatoka mbio mpaka kwa fundi wa mabomba mtaa wa pili, nikaazima mkasi halisi wa bati. Njiani kurudi ndipo nilipojielewa mwenyewe: nilikuwa nataka kukataa, nikarudi na silaha.

Tulifanya kazi hiyo saa saba mchana, wakati mafundi wa mjengo wanakula na mashine zimezimwa. Nilimpima kutoka chini mpaka machoni kwa tepu yangu, nikachora duara kwa chaki ya kitambaa, ukubwa wa sahani. Akatoboa kwa msumari, akakata. Lakini nilipoona zile kingo zilivyo kali, roho ya ufundi ikanijia. Sijawahi kuacha kitu bila pindo. Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikaupasua kwa urefu, nikauvisha ukingo wote na kuushikiza kwa waya. Ulikaa vizuri. Niseme kweli, lilikuwa tundu zuri.

Baba mkwe akasogea, akaweka uso wote, si jicho moja. Akavuta pumzi ndefu. "Haya," akasema. "Njoo uone."

Nikaona. Sikutegemea rangi. Udongo ulikuwa mwekundu kabisa, tabaka chini ya tabaka, na chini yake wa njano, na shimo lilikuwa pana kama uwanja. Katapila la njano lilikuwa limelala katikati, shingo chini, kama mnyama anayepumzika baada ya kunywa maji. Mafundi walikaa kivulini juu ya mbao wakicheka. Mbali, upande wa pili wa shimo, niliona miti ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ipo. Nilisimama hapo mpaka baba mkwe akakohoa kunikumbusha kwamba kuna foleni.

Kweli kulikuwa na foleni. Kinyozi alikuwa nyuma yetu, mashine mkononi, na nyuma yake mteja wake mwenye kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

"Mnaangalia nini?" kinyozi akauliza.

"Kazi," akasema baba mkwe.

Kesho yake muuza mboga alikuja dukani amenuna. Ni mwanamke mfupi, hafichi. "Mmetoboa kwa ajili ya twiga tu? Sisi wengine tusione?" Tukakata la pili, chini zaidi. Wanafunzi wakitoka shule wakadai lao, tukakata la tatu. Kinyozi akataka lililo mkabala na kiti chake, ili mteja atazame wakati ananyolewa, tukakata la nne. Wiki ilipoisha, watu waliokuwa wanapita mbio walikuwa wanasimama. Na mtu akishasimama karibu na mtu, atanyamaza mpaka lini? "Leo wamefika chini kweli." "Wamegonga mwamba." "Hapana, si mwamba, ni msingi wa ile nyumba ya mama wa mlango wa njano." Baba mkwe alikuwa anaeleza kila kitu, na sauti yake ilirudi ileile, niliisikia juu ya cherehani. Kinyozi akaanza kumwita Profesa Shimo. Alianza pia kuchelewesha vichwa vya watu, na hapo nikajua amepona.

Mimi nilianza kukata vitambaa vya maua. Sikukaa nikaamua. Mkono ulivichukua wenyewe kwenye rafu.

Halafu msimamizi wa mjengo akatuona. Alikuwa anapita ndani, kando ya uzio, akageuka, akakuta jicho linamtazama. Lilikuwa la muuza mboga. Aliruka yeye, na muuza mboga naye akaruka. Dakika tano baadaye alikuwa mtaani kwetu, amezunguka barabara yote ya nyuma kwa miguu, kofia ngumu kichwani, uso mwekundu kwa joto.

"Nani katoboa mabati yangu?"

Mtaa mzima ukagundua kwamba mbingu ni nzuri sana siku hiyo. Kinyozi aliitazama, muuza mboga aliitazama. Baba mkwe akaegemeza fimbo yake ukutani, akasimama wima.

"Ni mimi."

"Wewe, mzee wangu? Kwa umri wako?"

"Yeye alikata," nikasema, na sauti ilinitoka kabla ya akili. "Mimi nilipima."

Msimamizi alitutazama kwa zamu. Alipapasa ukingo wa tundu, akaona ule mpira, na nadhani kidogo tu alitaka kutabasamu. Lakini alikuwa na kazi yake. Akasema mtu akipenyeza mkono akaumia ni yeye atakayejibu, na kwamba uzio ni uzio. Asubuhi iliyofuata matundu yote manne yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya bati vipya, vinang'aa kama viraka kwenye suruali ya zamani.

Nilidhani tutarudi tulivyokuwa. Tulirudi nyuma zaidi. Mtu asiyejua kilichoko nyuma ya ukuta anavumilia; sisi tulikuwa tunajua. Kinyozi alimkata mteja sikio kidogo, wakagombana. Wanafunzi walipita mbio tena. Baba mkwe alirudi kitini, na chai ikarudi kupoa. Alikuwa anasikiliza injini tu, wakati mwingine akikunja uso na kunong'ona peke yake, "Polepole, mwanangu, polepole."

Siku ya nne ya viraka aliingia dukani msichana wa miaka ishirini na kitu, mabega mapana, viatu vimejaa udongo mwekundu. Alikuwa amekunja ovaroli mkononi.

"Dada, hii wamenipa ya wanaume," akasema. "Nikikaa inanipanda shingoni, nikisimama nakanyaga miguu yake. Unaweza kuipunguza?"

Nilimvalisha, nikaanza kubana kwa pini. Nikamuuliza anafanya kazi gani humo.

"Naendesha katapila."

Kiti cha dirishani kililia. Sikugeuka, nilikuwa na pini mdomoni.

"Kazi nzuri?" nikauliza kupitia pini.

"Ilikuwa nzuri zaidi wiki iliyopita." Akacheka, lakini si sana. "Utaniona mjinga. Unajua mle ndani ni kama kuzikwa mzima. Bati kila upande, unachimba tangu asubuhi, hakuna anayejua kama upo. Halafu siku moja nikaona nyuso. Mmoja huku, mmoja kule. Nikaanza hata kufuta kioo cha kibanda changu! Na wenzangu, wale waliokuwa wanatupa matofali ovyo, wakaanza kuyapanga. Mtu akitazamwa ananyoosha mgongo. Na kulikuwa na mkono."

"Mkono?"

"Mkono wa mzee. Ulikuwa unatokea kwenye tundu la katikati. Nikikaribia ukingo kwa haraka, unafanya hivi." Alishusha kiganja taratibu. "Nikipunguza mwendo, unafanya hivi." Alinyoosha kidole gumba. "Mwanzoni nilikasirika. Baadaye niliona kwamba kila aliposhusha kiganja, udongo ulikuwa unataka kumeguka kweli. Nimejifunza kwa ule mkono kuliko nilivyofundishwa chuoni. Sasa wameuzibia."

Nilimgeuza polepole kwa mabega, kama ninavyowageuza mabibi harusi kwenye kioo, mpaka akaelekea dirishani. Baba mkwe alikuwa amesimama. Aliinua tu kidole gumba.

"Wewe!" msichana akapiga kelele, pini zikatawanyika. "Shikamoo! Wewe ndiye!"

"Marahaba. Kichujio chako cha hewa ni kichafu," akasema baba mkwe, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Walikaa saa nzima. Mzee alimchorea kwa chaki yangu, juu ya meza yangu, jinsi ya kukata ukingo kwa ngazi ili usimeguke, na mimi nikamwachia ingawa ile ilikuwa chaki ya mwisho. Msichana alipoondoka alisema ataongea na msimamizi, na kwamba msimamizi si mtu mbaya, ana hofu tu.

Msimamizi alikuja mwenyewe keshokutwa yake, safari hii bila kofia. Alikataa chai, akaikubali, akakaa. Akakiri kwamba tangu azibe matundu, vifusi vimerudi kurundikana, na mafundi wawili wamegombana kwa ajili ya koleo. "Lakini mabati yaliyokatwa na mkasi siwezi kuyaruhusu," akasema.

"Basi tengenezeni madirisha ya kweli," nikamwambia. "Yenye fremu na wavu wa waya. Mna fundi wa kuchomelea humo, nasikia moto wake kila siku."

"Na mkono?" akamtazama baba mkwe.

"Mkono nitaubakiza nyumbani," akasema baba mkwe kwa huzuni.

"Na maelekezo? Mzee wangu, huwezi kuamuru mafundi wangu kutoka barabarani."

"Sitaamuru."

Aliitimiza ahadi hiyo siku mbili.

Nilipewa kazi ya kupima. Nilisimamisha mtaa mzima kwenye mlango wa kinyozi, mmoja mmoja, nikaweka alama ya macho ya kila mtu kwa chaki ambayo msimamizi aliniletea boksi zima. Madirisha kumi na mawili, marefu na mafupi. Moja liko chini kwa ajili ya jirani anayetumia kiti cha magurudumu, na la watoto liko chini yake kidogo. Fundi wa kuchomelea alichora mistari kwenye fremu zake, akajivunia kuliko wote. Rangi tuliokota mabaki ya makopo ya kila mtu: dirisha la kijani, la bluu, mawili mekundu, moja rangi isiyo na jina kwa sababu fundi redio alichanganya bila kuuliza. Muuza mboga alichagua njano ya ndizi mbivu.

Sisemi madirisha yaliponya mtu. Goti la baba mkwe bado linagoma ngazi, na kinyozi bado ana wateja anaogombana nao. Ila mume wangu, ambaye haamini mpaka apime, alianza kuchelewa kufika nyumbani kutoka kituo cha basi. Njia ya dakika tatu ilimchukua dakika ishirini. Nilipomuuliza alisema foleni ya dirisha la bluu ni ndefu, na kwamba hospitali wangekuwa na ukuta kama huu, wagonjwa wangeomba kutembezwa.

Siku ya mwisho ya kuchimba, yule msichana alikuja kumchukua baba mkwe. Alikuwa amevaa ovaroli yake inayomkaa sawasawa, na mkononi alikuwa na kofia ngumu ya pili. Msimamizi alikubali kwa sharti moja: aketi tu, asiguse kitu. Tulikimbilia madirisha yetu. Nilimwona akipandishwa kibandani, goti likimsumbua, msichana akimsukuma kiunoni bila aibu kama anapakia gunia. Akakaa. Alishika zile fimbo za kuendeshea na kutulia, kama mtu anayesalimiana na mtu aliyempotea siku nyingi. Msimamizi akageuka kumtazama fundi mmoja aliyekuwa anamwita, na nadhani alichelewa kurudisha macho kwa makusudi.

Injini ikakoroma. Ndoo ikainuka, ikanyooka, ikashuka kwenye kona ya mwisho ya shimo, ikachukua udongo wake wote bila kumwaga hata punje, ikaugeuza na kuulaza juu ya lori taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Mtaa ulipiga makofi mpaka mabati yakalia. Kinyozi alikuwa anafuta macho kwa taulo la mteja.

Baba mkwe alirudi nyumbani amechafuka mpaka masikioni, akavua viatu mlangoni kwa kuniheshimu, akakaa mezani na kusogeza sahani karibu.

"Siku hizi wanaweka viti laini mno," akasema. "Mtu anaweza kulala." Akaanza kula. Alipofika katikati alinyoosha kijiko kwangu. "Mwanangu, kesho uniamshe mapema, tafadhali. Wanamwaga zege saa moja kamili, na lile dirisha la kijani linawahiwa."